Boksi Lililokula Nyasi

Wiki yangu ya mwisho kazini, Justus alifungua mgongo wa boksi kuukuu la mvule lililoletwa kubadilishwa spika, akakuta limeshindiliwa nyasi kavu. Akaita wenzake. Mlicheka sana, mmoja wenu akasema panya wamezaa humo, na kabla sijarudi kutoka kunywa chai mlikuwa mmezikung'uta zote jalalani. Mlipoona sicheki mkadhani uzee umenipanda kichwani. Sasa nimestaafu, muda ninao, na hasira imekwisha. Nawaandikia habari za boksi lile, na humo mtakuta karibu yote ninayoyajua kuhusu kazi yetu. Mambo ya vyeo na mishahara siyagusi. Pale dukani vyeo vilikuwa viwili, fundi na mwenye duka, na mishahara yetu mnaijua wenyewe.

Nilianza kazi Bukoba mjini enzi za Mwingereza, miaka michache kabla ya Uhuru. Nilikuwa seremala niliyefundishwa na misheni, hodari wa mabenchi ya kanisa na majeneza, kazi ambazo wateja wake hawalalamiki. Mzee Karsan alikuwa na duka la redio na gramafoni, na nyuma ya duka kulikuwa na karakana. Alizaliwa hapohapo Bukoba. Kihaya chake kilikuwa kizuri kuliko Kiswahili chake, na Kiswahili chake kilikuwa kizuri kuliko changu. Siku ya kwanza hakuniuliza cheti. Alinigeuza nikatazama ukuta, akawa anagonga vitu nyuma yangu kwa kifundo cha kidole.

"Hii?"

"Mvule."

"Hii?"

"Muhumula. Bado mbichi kidogo."

"Na hii?"

Nikasikiliza. "Hiyo siijui, mzee."

"Vizuri. Hiki ni kichwa changu. Kesho uje saa moja."

Kazi yangu ilikuwa kuzitengenezea spika maboksi. Spika zilikuja kwa meli kutoka Kisumu zikiwa uchi, na spika iliyo uchi ni kitu cha kusikitisha. Inalia mbele na inalia nyuma kwa wakati mmoja, na zile sauti nzito zinakutana pembeni zinamezana. Ukiifunga ndani ya boksi, sauti ya nyuma inabaki nyumbani na ya mbele inapata nafasi ya kusema. Hiyo ndiyo elimu yote. Mengine ni mbao, gundi, na kuwa na masikio yasiyojidanganya, na hayo ya mwisho ndiyo magumu kupata.

Mzee Karsan alikuwa na sheria ya kulinganisha maboksi, nami niliishika mpaka siku ya kustaafu. Spika iwe ileile, waya uleule, mkono unaopiga uwe uleule, na wimbo uwe uleule. Kibadilike kitu kimoja tu, boksi. Wakati wa kuhamisha spika hakuna kuongea, kwa sababu mtu akiongea sauti aliyoisikia inamtoka kichwani. Wateja walitushangaa, watu wazima tumenyamaza katikati ya mchana tukitazama skrubu. Ilikuwa sheria nzuri sana. Ilikuwa na tundu moja tu, na ndilo tulilotumbukia.

Hapo aliingia Rwegoshora. Alikuwa mpiga besi wa bendi ya dansi pale mjini, ile besi kubwa ya kusimama ambayo mtu huikumbatia. Kisha akaanguka kutoka juu ya lori la kahawa, mkono wa kushoto ukavunjika kwenye kifundo, na ulipounga ukaunga upande. Vidole vilicheza vizuri, lakini nguvu za kukaba nyuzi zile nene hazikurudi. Bendi ikamchukua mtu mwingine aitwaye Joakimu. Rwegoshora akakaa nyumbani miezi mingi, na mkewe alinisimulia kwamba usiku alikuwa akipiga besi kwenye ukingo wa kitanda hadi yeye mke akakosa usingizi. Ndipo ndugu yake aliyekuwa Kampala akamletea gitaa la besi la umeme. Lilikuwa jepesi, nyuzi zake laini, na mkono ule uliopinda ukaliweza. Sijapata kumwona mtu akishika kitu kwa furaha namna ile.

Kiongozi wa bendi, Bwana Kaiza, hakufurahi. Alipiga saksafoni, mchana alikuwa karani, na alipenda kila kitu kikae kilipokuwa jana. Alikubali kumjaribu Rwegoshora kwa sharti moja. "Lete huo ubao wako," alisema, "lakini nisikie besi. Nisiposikia besi, Joakimu anabaki na wewe unabaki kwenu." Kwa hiyo Rwegoshora akaja dukani na gitaa lake limefungwa kwenye shuka, akamwambia Mzee Karsan kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, nitengenezeeni sauti. Bila hii mimi ni mkulima tu, na kulima kwenyewe sijui." Mzee Karsan akaunda amplifaya ya valvu. Mimi nikaunda maboksi.

Niliunda matatu, kwa sababu hakuna aliyejua besi ya umeme inataka nini. La kwanza lilikuwa la plaiwudi ya masanduku ya chai, jepesi, wazi mgongoni. La pili lilikuwa la mvule, kubwa, limefungwa kila upande, na kulibeba kulihitaji wanaume wawili wasiogombana. La tatu lilikuwa la muhumula, dogo, limefungwa, na tundu refu chini ya spika. Kuyalinganisha pale dukani hakukuwezekana, maana jirani yetu alikuwa mfua bati aliyeunda ndoo kutwa nzima. Nikasema twende kwetu Muleba, kuna kimya.

Tulipakia yote kwenye gari la Mzee Karsan, pamoja na jenereta ambayo tuliiweka mbali kwenye migomba na kuvuta waya mrefu, isituharibie sikio. Mae, yaani mama yangu, alikuwa ameambiwa wageni wanakuja. Kwetu mgeni hakanyagi sakafu tupu. Alikata nyasi asubuhi, akazitandaza nyumba nzima hadi miguu ikazama kifundoni, na nyumba ikanuka vizuri. Akaleta na kahawa za kutafuna kwenye kikapu kidogo. Tukaweka maboksi juu ya zile nyasi, moja, mbili, tatu, na Mzee Karsan akavua viatu.

Tatizo lilikuwa Tata. Baba yangu alikuwa mzee wa kanisa na mwimba besi wa kwaya, na kwake dansi lilikuwa kitu kinachoanza na gitaa na kumalizikia barazani kwa mchungaji. Alisimama mlangoni akalitazama gitaa.

"Hicho hakipigwi dansi humu."

"Tata, tunapima tu boksi," nikasema.

"Pimeni kwa wimbo wa kanisa."

Rwegoshora alikuwa amelelewa na Walutheri kama sisi sote, akazijua sauti zote nne. Basi tukalinganisha maboksi ya dansi kwa wimbo wa ibada. Boksi la chai likaanza, na sauti yake ilikuwa nyembamba, vidole vikisikika zaidi kuliko noti. Tukanyamaza, tukahamisha spika. Boksi la mvule likafuata. Hapo sakafu yote ilijaa sauti, nene, ya mviringo, imetulia, kila noti ikikaa mahali pake kabla ya inayofuata. Mae akaanza kuimba sauti ya kwanza bila kujua. Tata, aliyesema angesikiliza akiwa amesimama, akakaa. La muhumula lilipofika zamu yake lilitoa sauti safi lakini kavu, fupi, kama mtu anayejibu maswali ya polisi.

Mzee Karsan akamgeukia baba yangu. "Waitu, wewe ndiye besi hapa. Lipi?"

Tata alifumba macho kidogo. "La katikati. Hilo lina kifua."

Wote tulikubali. Mzee Karsan alikubali, mimi nilikubali, Rwegoshora alikuwa amelikumbatia. Boksi la chai likabaki pale nyumbani, na kuku wa Mae walilikubali mara moja. La muhumula Mzee Karsan alilifanya boksi la redio, akamuuzia mvuvi wa Bumbire, nalo likavuka ziwa. Tulikuwa na hakika namna hiyo.

Mazoezi yalifanyika Bukoba kwenye ukumbi wa klabu moja, sakafu ya saruji, paa la bati. Bwana Kaiza akahesabu, bendi ikaanza, Rwegoshora akapiga noti ya kwanza, na mimi nikatamani kutoka nje. Ilikuwa kishindo. Noti moja iliendelea kulia hadi ya tatu, bati zikatetemeka, na kutoka kwenye boksi langu la mvule, lile lenye kifua, ikaja sauti isiyo na mwanzo wala mwisho. Bwana Kaiza alitoa saksafoni mdomoni.

"Huyo ni ng'ombe," alisema. "Ng'ombe ametumbukia shimoni na analia."

Wanabendi wakacheka. Rwegoshora hakucheka. Alijaribu kupiga polepole, akajaribu kupiga kwa kidole gumba, na ng'ombe akaendelea kulia. Joakimu alikuwa amekaa kwenye benchi karibu na mlango, ameiegemeza besi yake ukutani, ana adabu zake. Hilo ndilo lililokuwa baya zaidi.

"Jumamosi tuna harusi Muleba," Bwana Kaiza akasema. "Nitakuchukua, maana bwana harusi ni ndugu yako. Lakini Joakimu anakuja na besi yake kwenye lori. Ng'ombe akilia harusini, ndiyo basi, Rwego. Sitaki kukuonea, lakini watu wanalipa wacheze."

Siku zilizofuata hatukulala vizuri. Nilikaza skrubu zote, nikapaka gundi kila kiungo, nikaongeza mbao za kushikiza ndani. Mzee Karsan alichomea upya karibu kila waya wa amplifaya, akabadilisha valvu. Tulijaribu kila kitu isipokuwa kufikiri. Kila tulipowasha pale karakana, ng'ombe aliitika, na mfua bati alikuja mlangoni kuuliza tunachinja nini. Nikakumbuka lile la muhumula, ile sauti yake kavu. Lilikuwa Bumbire, linasoma taarifa ya habari kwa wavuvi.

Jumamosi tukaenda. Harusi ilifanyika katika darasa kubwa la shule, na mimi nilipoona sakafu ya saruji na paa la bati moyo ulinishuka. Lakini shangazi za bwana harusi walikuwa wametandaza nyasi ukuta hadi ukuta, nyingi, za kuheshimu wageni. Bendi ilipiga taratibu wakati watu wanakula. Nikajiandaa kuaibika. Rwegoshora akagusa uzi wa chini.

Sauti ikatoka nene, ya mviringo, imetulia. Ilikuwa ileile ya nyumbani kwetu.

Rwegoshora alinitazama, mimi nikamtazama Mzee Karsan, na Mzee Karsan akavuta kola ya shati lake. "Ni ile valvu," alisema. "Nilikuambia ni valvu." Nami kimoyomoyo nilijua ni gundi yangu. Tukala vizuri sana siku ile. Walikuwepo jamaa wa bibi harusi kutoka Ngenge waliokuja na ndizi na nyama, na hakuna ndizi zilizowahi kuniingia kama zile. Bwana Kaiza alipiga saksafoni amefumba macho. Joakimu aliagiza pombe, maana aliona hana kazi.

Kisha msema chochote akasimama. "Sasa ni dansi! Vijana, ondoeni nyasi, watu wa viatu vya mjini wasiteleze!" Wakaingia na mafagio, wakazisukuma nyasi zote nje, saruji ikabaki inang'aa. Bwana Kaiza akahesabu, bendi ikaanza kwa kasi, na ng'ombe akaanguka shimoni.

Sitasahau uso wa Rwegoshora. Alikuwa na sura ya mtu aliyerudishiwa kitu chake halafu akanyang'anywa tena mbele ya ndugu zake. Vidole vilikuwa sahihi, kila noti aliipiga sahihi, na kilichotoka kilikuwa mngurumo. Wachezaji walisimama wakitafuta mguu uanzie wapi. Bwana Kaiza alimalizia wimbo katikati, akageuka, akamtazama Joakimu, na Joakimu akaweka chini kikombe chake. Mimi na Mzee Karsan tulikuwa tumesimama kando ya boksi. Nilitazama chini kwenye saruji. Nilipoinua macho, yeye naye alikuwa anatazama saruji.

"Spika ileile," akasema polepole. "Waya uleule. Mkono uleule."

"Sakafu," nikasema.

"Sakafu! Tulipima maboksi matatu, Yonazi, na nyumba ya mama yako hatukuipima!"

Nilitoka mbio. Zile nyasi zilikuwa lundo nyuma ya darasa, na mbuzi wa shule walikuwa wamekwisha kukaribishwa. Nilinyang'anyana na beberu mmoja aliyekuwa na haki kuliko mimi, nikabeba nilichoweza, nikarudi nimejaa nyasi hadi masikioni. Watu walidhani nimelewa. Kwenye sakafu ya kuchezea zisingekaa, hilo tulilijua, watu wangeteleza.

"Ndani," Mzee Karsan akasema. "Kama sauti haiwezi kukalia nyasi, basi nyasi zikae ndani yake. Fungua mgongo!"

"Na moto, mzee?"

"Valvu zenye joto ziko huku, boksi liko kule. Fungua!"

Mjue sijawahi kufungua skrubu kwa haraka ile tena. Bwana Kaiza alikuwa ameita mapumziko na Joakimu alikuwa anakwenda kwenye lori. Rwegoshora alishika mgongo wa boksi kwa mkono wake mbaya huku mimi nikishindilia nyasi.

"Yonazi," akaniambia chini kwa chini, "mimi kitandani kule sitarudi kupiga."

"Hutarudi. Shika vizuri."

Tukafunga. Akaning'iniza gitaa begani, akasita, halafu akapiga noti moja peke yake, darasa zima likimtazama. Ilitoka, ikasimama, ikakoma ilipotakiwa kukoma. Bati halikusema kitu. Akapiga nyingine. Akapiga nne mfululizo, zikatembea kila moja na miguu yake, na shangazi mmoja kutoka Kimwani, mama mzito mwenye khanga mbili, akaanza kutikisa bega kabla bendi haijaingia. Rwegoshora alilia pale pale akiwa anapiga, machozi yanashuka na hana mkono wa kuyafuta. Mpiga ngoma akaingia, gitaa la kwanza likaingia, na saruji ikajaa watu. Joakimu alifika mlangoni ameikumbatia besi yake, akasikiliza kidogo, akairudisha kwenye lori. Kisha alirudi kucheza, na alicheza vizuri kuliko alivyokuwa akipiga.

Bwana Kaiza alipiga nyimbo zake zote bila kugeuka nyuma. Watu walipoanza kuondoka alikuja kwenye boksi, akainama, akaona majani mabichi yamechungulia kwenye kiungo nilichofunga vibaya. Akayavuta kidogo, akayanusa, akamtazama Rwegoshora.

"Kumbe ng'ombe wako alikuwa na njaa tu," alisema. "Jumamosi ijayo mlete. Na majani yake."

Tangu siku ile sikuuza boksi la besi lisilo na nyasi, nazo ni zilezile za kutandaza nyumbani, zilizokaushwa kivulini. Nyasi mbichi huoza, nilijifunza hilo baada ya wiki chache kwa njia ya pua. Zishindiliwe kiasi; zikizidi, boksi linakuwa la muhumula, linajibu polisi. Na mkilinganisha maboksi, mlinganishe pale yatakapopigiwa, juu ya sakafu yatakayosimama. Chumba nacho ni boksi, na sisi wote tunakaa ndani yake. Mzee Karsan alikuja kuliongeza hilo kwenye sheria yake, akalisema kila mara kwa sauti ya mtu aliyelijua tangu utotoni, nami nilimwachia. Siku moja, akiwa mgonjwa na anajua hatapona, aligonga ubao wa kitanda kwa kifundo cha kidole akaniuliza, "Hii?" Nikamwambia mvule. Akaridhika. Nilimpenda sana mzee yule.

Sasa, Justus, rudi kwenye jalala lako. Siku ile mlipokwenda kula, mimi nilichukua gunia nikaenda nyuma ya kanisa. Nilikuwa na lundo lililokauka vizuri, nimelianika pale kivulini tangu boksi lilipoletwa, maana nilijua zile za zamani zilikuwa zimekuwa vumbi. Nikashindilia, nikafunga mgongo, na hiyo ndiyo kazi yangu ya mwisho katika karakana hii. Jioni mwenye boksi akaja mwenyewe kulichukua, mzee, na fimbo. Mlimwamkia bila kujua ni nani. Akaweka juu ya mvule mkono wake wa kushoto, ule uliounga upande, akaupapasa ubao kama anavyopapaswa mgongo wa mnyama.

"Umemlisha?" akaniuliza.

"Ameshiba," nikamjibu.

Akagonga mara moja, akasikiliza, akaniambia nimsaidie kupakia, maana Jumamosi ana harusi.